Safari ya Mtu Mmoja Kwenda Kilwa Kisiwani

Wale mlio katika vikundi, yule aliyechaguliwa kuandika na ashike kalamu yake. Na wewe unayesikiliza peke yako nyumbani, sogeza taa karibu, maana leo kuna tarehe chache za kuandika. Somo letu si la hesabu wala la utunzaji wa mtoto, bali ni la safari. Juma lililopita naliwaahidi kwamba nitawaeleza jinsi nilivyokwenda Kilwa Kisiwani peke yangu, bila mwenzi, bila shughuli, kwa kuangalia tu.

Najua neno hilo «kuangalia tu» linawachekesha baadhi yenu. Kwetu mtu husafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa ugonjwa au kwa biashara. Mtu anayepanda chombo kwa kuangalia tu hutiliwa shaka. Mimi mwenyewe nilitiliwa shaka kabla sijafika. Tulikuwa katika mashua ya tanga, tunavuka kutoka Kilwa Masoko. Ndani kulikuwa na magunia ya unga, ndoo, baiskeli moja iliyolazwa, na akina mama kadhaa waliotoka sokoni. Bibi mmoja alinitazama toka kofia hadi viatu.

«Shikamoo, bibi.»

«Marahaba, mwanangu. Umefiwa na nani huku?»

«Sikufiwa, bibi.»

«Basi una harusi.»

«Sina.»

«Wanunua samaki?»

«La, bibi. Nakwenda kuangalia magofu.»

Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwenziwe, wala hakuipunguza sauti: «Maskini. Ametumwa.»

Naam, bibi yule hakukosea sana. Nilikuwa nimetumwa, ila aliyenituma hakuwa mkubwa wangu wa kazi. Alikuwa mtoto wa darasa la sita. Zamani kidogo, kabla sijaingia ofisi ya elimu, nilikuwa nikifundisha historia. Siku moja nilisimama mbele ya ubao nikasema, kama nilivyosema kila mwaka, kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni waliotoka Uajemi na Uarabuni, wakaleta dini, wakaleta biashara, wakajenga misikiti. Mtoto mmoja wa benchi la nyuma akanyosha mkono. Akasema, «Mwalimu, na sisi tulikuwa wapi?» Darasa likacheka. Mimi nikamwambia aketi, wakati umekwisha. Wakati ulikuwa haujakwisha, wasikilizaji. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tano nzima. Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililonifanya niitazame saa.

Kilwa nilikuwa nimekwenda mara moja kabla ya hapo, pamoja na msafara wa walimu. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini. Tulipiga picha, tukala wali, mmoja wetu akapotewa na simu yake, tukashinda tunaitafuta, tukarudi. Ukiniuliza nini nilichokiona siku ile, nitakwambia niliona migongo ya wenzangu. Kwa hiyo safari hii nikaamua kwenda peke yangu. Mtu aliye peke yake huweza kukaa saa nzima mbele ya ukuta mmoja, na hakuna wa kumwambia twende.

Sasa njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara iendayo kusini. Zamani safari hii iliogopwa, kwa sababu ya mto Rufiji. Watu walingoja kivuko pale Ndundu, na mvua ikinyesha walingoja sana. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na tangu hapo mtu huvuka Rufiji akiwa usingizini ndani ya basi. Ukifika Nangurukuru, gari huacha barabara kuu ya Lindi na kukata kushoto kuelekea baharini. Hapo Masoko usikimbilie pwani moja kwa moja. Nenda kwanza ofisi inayosimamia magofu, ulipe, upewe kibali na kiongozi. Kiongozi wangu alikuwa mzee wa makamo, mtu wa kisiwani, mwenye maneno machache asubuhi na mengi jioni. Chukua maji ya kunywa na kofia. Nyingine zote ni anasa.

Kabla hatujashuka kwenye mashua, tujiulize kwa nini mji ule ulikuwa pale na si mahali pengine. Wavuvi na mabaharia wanaonisikiliza watanisahihisha nikikosea. Kaskazi huvuma tangu yapata Desemba hadi Machi, ikasukuma vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi kuja huku kwetu. Kusi huanza yapata Aprili, ikavirudisha. Basi nahodha mwenye chombo cha tanga ana miezi yake michache, kuja, kuuza, kununua, na kuondoka. Akichelewa, atangoje mwaka mwingine. Sasa, Kilwa iko karibu na mwisho wa mbali ambapo chombo cha kutoka kaskazini kiliweza kufika na kurudi katika mwaka mmoja. Na dhahabu iko wapi? Iko mbali zaidi kusini: inachimbwa katika nyanda za juu za nchi iitwayo leo Zimbabwe, inateremshwa hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji. Nahodha wa kaskazini haiwezi safari ile kwa msimu mmoja. Mtu wa Kilwa anaiweza, kwa kuwa anaanzia katikati. Alipeleka nguo na ushanga Sofala, akaleta dhahabu na pembe, akaziweka ghalani kungoja kaskazi. Ongeza hapo bandari yenye kina na iliyokingwa na visiwa, na utaelewa utajiri ulitoka wapi. Katika karne ya 13 na ya 14, Kilwa ndiyo iliyoitawala biashara ya Sofala.

Katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini, imepatikana sarafu ya shaba ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Nyingine zilikwenda mbali zaidi: mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati ya hizo zikatambuliwa kuwa za Kilwa. Ni nani aliyezipeleka huko, kila mtu ana lake la kusema. Wapenzi wa mashairi nao wana sehemu yao hapa. Kwenye sarafu za Kilwa, maneno ya upande mmoja hupatana kwa vina na maneno ya upande wa pili. Watu waliokuwa wakihesabu vina hata kwenye pesa zao!

Haya, tumeshuka. Kitu cha kwanza ukikaribia ni Gereza, ngome nyeupe iliyochakaa, imesimama ukingoni mwa maji. Nitarudi kwake baadaye. Nilimwomba mzee anipeleke kwanza Msikiti Mkuu, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Msikiti ule una sehemu mbili, na hapana budi uzitofautishe, ama sivyo utaona mawe matupu. Ile ya kaskazini ni ndogo na ni ya kale zaidi, ya karne ya 11 au ya 12. Haina paa tena. Ile ya kusini ni kubwa, nayo iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman yule yule wa sarafu. Baadaye ilianguka, ikajengwa upya katika karne ya 15, na hii ndiyo tuionayo leo: nguzo za pembe nane, matao, na juu yake kuba moja baada ya nyingine. Nilikaa chini katikati ya nguzo zile. Upepo wa bahari unapita ndani, kuna kivuli na baridi. Kwa muda mrefu haukuwako msikiti mkubwa kuliko huu katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Nilimwuliza mzee, «Mawe haya yalitoka wapi?»

Akacheka. «Baharini, mwalimu. Hapa tumesimama juu ya bahari.»

Hapa naomba waashi wasikilize. Mawe ya kuta ni matumbawe ya zamani, yale magumu yanayochimbwa nchi kavu. Lakini ukitazama kingo za milango, kibla, na mahali palipochongwa nakshi, utaona jiwe jingine, laini na la punje ndogo. Hilo ni tumbawe lililokatwa likiwa hai chini ya maji. Likitoka baharini ni laini, mtu huweza kulichonga kwa urahisi. Likikaa hewani hukauka likawa gumu. Basi fundi alikuwa na muda wake maalumu wa kufanya nakshi, kama mfinyanzi na udongo wake. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa juu ya lundo la kuni. Na paa za nyumba zilikaa juu ya boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiendi mbali. Ukiirefusha sana hulegea chini ya uzito wa mawe na chokaa. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za Kilwa ni virefu lakini vyembamba. Nilikipima kimoja kwa miguu: upana wake hatua tatu zangu, tena fupi. Urefu wa mti uliamua upana wa maisha ya watu. Kuba za msikiti, kwa upande wao, hazikuhitaji boriti, na ndiyo sababu nafasi yake iliweza kukua upande huu na huu.

Kutoka hapo tulikwenda Husuni Kubwa. Ni mwendo wa nusu saa na zaidi kidogo, kwa njia ya mchanga, katikati ya minazi na vichaka. Nyumba ile iko juu ya jabali, nje ya mji, inaitazama bahari. Neno «husuni» ni la Kiarabu, maana yake ngome, lakini ngome si neno lake hasa: ilikuwa jumba la mfalme. Lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, uwanja wa kupokea wageni wenye ngazi za kukalia, uwanja mwingine upande wa kusini uliozungukwa na maghala ya bidhaa, na birika la kuogelea la pembe nane. Ngazi za mawe zinateremka hadi ufukoni. Aliyelijenga ni al-Hasan bin Sulaiman. Jina lake limeonekana katika mwandiko uliochongwa pale. Lakini halikumalizika. Waliishi humo muda mfupi, wakaondoka.

Niliketi ukingoni mwa birika lile. Halina maji, lina majani makavu na mjusi mmoja. Mzee akaniacha akaenda kukaa kivulini. Alikwisha kufahamu mimi ni mgeni wa namna gani. Nikatoa daftari langu nikasoma niliyoyanakili juu ya Ibn Battuta.

Huyu alikuwa msafiri wa Moroko, naye alifika Kilwa mwaka 1331, akimtembelea sultani huyu huyu. Aliusifu mji kwa uzuri wa majengo yake. Akaeleza kwamba sultani alikuwa mkarimu mno, hata watu wakamwita Baba wa Vipawa. Anasimulia kuwa siku moja, sultani akitoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akazivua, akampa. Mwana wa mfalme akazichukua tena zile nguo kwa fakiri, akamlipa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu kwa tendo lile, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nataka msiipite hadithi hiyo haraka. Nilipokuwa nikiifundisha zamani niliitumia kama mfano wa ukarimu, nikasonga mbele. Safari hii, nimekaa pale pale nyumbani kwa mwenye ukarimu, niliwaona wale ishirini. Waliotolewa kulipia shati. Majina yao msafiri hakuyaandika.

Lakini Ibn Battuta ameandika jambo jingine, na hili ndilo lililonirudisha kwa mtoto wa benchi la nyuma. Anasema kwamba wengi wa watu wa mji ule walikuwa weusi sana, na nyuso zao zimechanjwa chale. Haya ni maneno ya mtu aliyeingia mjini na kuwaona kwa macho yake, mwaka 1331, mji ukiwa katika kilele cha utajiri wake. Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa barabarani, sokoni, na msikitini, tena wengi.

Sasa tusikilize na upande wa pili, maana mwalimu asiyesikiliza pande mbili afadhali akalime. Iko habari ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu, na sehemu zake Mreno João de Barros alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1552. Habari ile husema kwamba Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shiraz, alikuja na jahazi akakinunua kisiwa kwa mwenyewe kwa nguo: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Kisha mwenyewe akahamia bara. Baadaye akafikiri kurudi kumshambulia mnunuzi, na yule Ali akachimba mkondo ili maji yakitoka watu wasiweze kuvuka kwa miguu. Nimeifundisha hadithi hii miaka yote. Lakini itazameni vizuri. Hakuna anunuaye kisicho na mwenyewe. Hadithi ile ile inayotumika kusema kwamba wageni ndio walioanza, inakiri katika mstari wake wa kwanza kwamba palikuwa na watu, na mkubwa wao, na bei.

Neville Chittick, Mwingereza aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alikuta chini kabisa, chini ya mawe yote, mabaki ya kijiji cha wavuvi na wahunzi: vyungu vya kienyeji, na alama za kufua chuma. Kijiji kile ni cha karne ya 9 hivi. Misikiti ya mawe ilikuja baadaye, juu yake, pasipo mji kuhamwa. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ya watu 80 wa kale, waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, na katika mji mmoja wa bara. Waliona damu mbili zilizochanganyika tangu yapata mwaka 1000. Upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Upande wa baba ulikuwa na wanaume wa Asia wengi, na kati ya hao wengi walikuwa Waajemi. Kwa hiyo wazee waliosema «sisi ni Washirazi» hawakusema uongo, kama wasomi wengine walivyodhani. Wala mtoto aliyeuliza sisi tulikuwa wapi hakuuliza upuzi. Mabaharia walikuja, wakaoa. Watoto wakakua wakisema lugha ya mama zao, na ndiyo hii niwasemeshayo sasa.

Wengine kati yenu watasema jambo hili ni la wasomi, halina maana kwa mkulima. Mimi sikubaliani nanyi. Niliwafundisha watoto kwa miaka mitano kwamba mababu zao walikuwa watazamaji. Watoto wale sasa ni watu wazima, wana watoto wao. Nani atawaendea nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba mwalimu aliteleza?

Turudi njiani. Jua lilikuwa limekwenda upande, na mzee akasema tukitaka kuiona Gereza vizuri tusikawie. Njiani alianza kusema. Alinionyesha msikiti mdogo wa kuba, ambao kuba zake zimesimama vizuri kuliko za jengo lolote pale, kisha Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18. Chini, kila mahali, mna vigae: vya vyungu vyetu, vya Uajemi vyenye rangi ya kijani, na vya sahani za Kichina nyeupe na buluu. Niliinama nikaokota kimoja cha Kichina, kidogo kama ukucha, chenye jani moja la buluu. Nikakigeuza mkononi. Nawakirieni kwamba mkono wangu ulikuwa umekwisha kuelekea mfukoni.

Mzee hakusema neno. Alisimama tu, akanitazama kama vile mimi nilivyowatazama wanafunzi wakinakili katika mtihani. Nikakirudisha pale pale kilipokuwa. Baadaye akanieleza kwamba kigae kikiwa mahali pake kinaweza kumwambia mchimbaji umri wa ukuta ulio juu yake. Kikiwa sebuleni kwangu hakiwezi kusema kitu.

Wareno nitawapitia upesi, maana wao wenyewe hawakukaa. Vasco da Gama alikuja mwaka 1502, akamtisha mwenye mji, Amiri Ibrahim, hata akatoa kodi ya dhahabu. Dhahabu ile iko mpaka leo. Mfalme wa Ureno aliamuru itengenezwe chombo cha kanisani, kikamalizika mwaka 1506, nacho kimo katika makumbusho ya sanaa mjini Lisbon, watu hulipa kiingilio kukitazama. Kodi ile haikutosha kuuokoa mji. Mwezi wa Julai mwaka 1505 alikuja Francisco de Almeida na manowari zake. Ibrahim akakimbia, mji ukatekwa nyara, ikajengwa ngome. Mwaka 1512 wakaiacha. Walitaka dhahabu ya Sofala ipite mikononi mwao, lakini biashara ile iliikwepa mikono yao, ikashika njia nyingine.

Ngome ya leo ilijengwa upya baadaye, katika zama za Waomani, juu ya mahali pa ile ya Wareno. Wataalamu wa lugha hulitoa neno «gereza» katika neno la Kireno la kanisa. Fikirini hilo mnaposikia mtu kahukumiwa miezi sita.

Mbele ya Gereza bahari inafanya kazi yake. Ukuta wa upande wa maji umeliwa. Mapande mazima yamelala mchangani, na maji yakijaa huyafunika. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 zikaandikwa miongoni mwa zilizo hatarini, kwa sababu ya mawimbi haya, na mimea, na kuchakaa. Mafundi wakaja, kuta zikategemezwa, na watu wa kisiwani wakapanda mikoko ufukoni ili ivunje nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 zikaondolewa katika orodha ile ya hatari. Nilitazama mikoko ile kwa makini. Mti ule ule uliobeba mapaa ya nyumba za zamani, sasa uko majini unazuia bahari isile kilichobaki.

«Itazuia?» nikamwuliza mzee.

«Tunaipanda,» akasema. «Mingine hushika, mingine hung'oka. Kisha tunapanda tena.»

Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta tukingoja mashua. Hapo nikamwuliza habari ambayo vitabu vya shule huisema kwa sentensi moja. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kuuziwa watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe kulima katika visiwa vya Wafaransa. Katika karne iliyofuata biashara ile ilihamia Kilwa Kivinje, ng'ambo ya bara, ikawa kubwa zaidi, na kisiwa kikabaki na wavuvi wake. Yapata mwaka 1843 sultani wa mwisho wa Kilwa alichukuliwa akapelekwa Muskati. Mzee alinisikiliza nikizitaja tarehe, kisha akasema, «Hayo hatuyasemi sana. Kila nyumba hapa haijui ni ya aliyeuza au ya aliyeuzwa.» Akainuka akaenda kuitazama mashua kama imekaribia.

Yule bibi wa asubuhi nilimkuta ufukoni, ameketi juu ya ndoo, anamngoja mjukuu.

«Umeangalia?»

«Nimeangalia, bibi.»

«Aliyekutuma utamwambia nini?»

Nikamweleza habari ya mtoto wa darasa la sita, kwa kifupi, kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, «Swali zuri. Mbona ulimwambia aketi?»

Hilo nalo sikuwa na jibu lake.

Sasa kazi ya juma hili. Kila kikundi kitafute jengo la zamani kuliko yote lililo karibu nacho, likiwa la mawe, la udongo au la miti, msikiti, kanisa, boma au nyumba ya mtu. Mkaombe ruhusa kwa wenyewe kwanza. Pimeni chumba kimoja, upana na urefu, kwa hatua. Ulizeni paa lake limebebwa na mti gani, na mti ule ulikatwa wapi. Kisha mwulizeni mzee mmoja ni nani waliolijenga kwa mikono yao, si nani aliyeamuru. Na jina moja likipatikana, liandikeni vizuri, herufi kwa herufi. Barua zenu zinifikie kabla ya somo lijalo, nami nitasoma chache hewani.

Na wewe uliyekuwa benchi la nyuma, karibu na dirisha, kama uko mahali unasikiliza, usijisumbue kupima. Niandikie tu uko wapi.